Ngaropiae: historia ya shilingi ya Kenya ikisomwa kutoka Lowarengak

Mada iliyotolewa katika semina ya walimu wa historia na Kiswahili, Lodwar



Naanza na neno. Mturkana akitaka kutaja fedha husema ngaropiae. Kila mtoto darasani kwangu Lowarengak analijua, na sijapata kuulizwa hata na mmoja limetoka wapi. Ndani yake mna rupia, fedha ya Kihindi iliyokoma kuwa halali nchini mwaka 1921. Tunanunua unga kwa shilingi, tunatumiana shilingi kwa simu, lakini ulimi wetu bado unahesabu rupia. Serikali iliifuta zaidi ya miaka mia iliyopita, kwetu imebaki. Kiswahili nacho kimefanya vivyo hivyo. Pesa ni paisa ya Wahindi, hela ni heller ya Wajerumani waliotawala Tanganyika, thumuni ni hesabu ya Kiarabu ya sehemu moja katika nane. Ukitaka kujua ni nani waliowahi kututawala mfukoni, sikiliza tunavyoitaja pesa.

Vitabu vya shule husimulia historia ya shilingi kama mfululizo wa sheria zilizotungwa London, kisha Nairobi. Sina ugomvi na tarehe zao, na nitazitumia. Lakini nimefundisha somo hili miaka mingi ufuoni mwa Ziwa Turkana, na jambo moja limenikaa moyoni: kila mara fedha ilipobadilishwa, kiasi alichobaki nacho mtu kilitegemea umbali kati ya boma lake na dirisha la kubadilishia. Sisi wa Turkana Kaskazini tumekuwa mbali na dirisha hilo kila mara. Hiyo ndiyo hoja yangu leo.

Shanga, pembe na rupia

Machi 1888, wasafiri wa Ulaya Count Teleki na Luteni von Höhnel walifika kwenye ziwa letu wakaliita Rudolf. Hawakuja peke yao. Aliyewaongoza alikuwa Jumbe Kimemeta, Mswahili wa pwani, mfanyabiashara wa pembe aliyezijua njia za bara kabla yao. Mizigo ya wapagazi ilikuwa shanga, waya na nguo, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa fedha za safari. Hakuna aliyebeba sarafu kuja huku. Angenunua nini nazo? Na bado mwaka uleule, kule Mombasa, kampuni ya Waingereza iliyopewa hati ya kutawala Afrika Mashariki ilitoa sarafu zake za kwanza zenye jina la mji huo, rupia na pesa. Kaskazini yetu, Ethiopia ilitumia riale ya Maria Theresa, ile sarafu nene ya fedha ambayo haijalishi ilipigwa lini, daima imeandikwa 1780. Riale hiyo iliendelea huko hadi 1945. Kwa hiyo watu wetu walikaa kati ya nchi mbili za sarafu, wao wenyewe wakihesabu kwa mbuzi, ng'ombe, ngamia na punda.

Rupia ilisambaa na reli. Vibarua walilipwa kwa rupia, maduka ya Wahindi yaliuza kwa rupia, na mwaka 1905 serikali ikaipa bei ya kudumu: rupia 15 kwa pauni moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya madini ya fedha ilipanda duniani, na rupia ikapanda nayo. Walowezi wakalia. Walikuwa wakiuza kahawa na katani kwa pauni, wakilipa madeni na mishahara kwa rupia, na kila rupia ilipopanda wao walizama. Ndipo mambo yakaenda mbio. Desemba 1919 iliundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London. Mwaka 1920 rupia ilifungwa kwenye shilingi mbili za Kiingereza, ikaletwa florini kushika nafasi yake, na florini haijazoeleka mikononi ikapita. Mwaka 1921 ikaja shilingi, 20 kwa pauni.

Vitabu vingi huishia hapo. Mwaka huohuo wa 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Kijana mmoja karani wa Nairobi, Harry Thuku, alisimama kuupinga uamuzi huo pamoja na kipande na kodi. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, na watu wakapigwa risasi. Ninapofundisha sura hii siitengi na sura ya sarafu. Mvutano juu ya bei ya rupia ulimalizikia kwenye mshahara wa kibarua.

Turkana je? Mwaka 1918 majeshi ya Waingereza yalifanya oparesheni kubwa kuwanyang'anya watu wetu bunduki na mifugo, na eneo hili likatawaliwa kijeshi hadi 1926. Baadaye tukawa wilaya iliyofungwa: mgeni haingii bila kibali. Fedha ilitufikia mkononi mwa askari na mchukuzi, na ilikuja na jina lake la zamani. Ndiyo maana tunasema ngaropiae.

Chenji ya mbuzi

Nina sarafu hapa. Ni senti kumi, ya mwaka 1952, ya shaba iliyochanganywa, ina tundu katikati. Upande mmoja una taji na jina la Mfalme George wa Sita kwa Kilatini. Upande wa pili una pembe mbili za ndovu zilizopinda kulizunguka tundu, na maneno ya Kiingereza yanayosema Afrika Mashariki. Si yangu. Ni ya bibi mmoja jirani yangu Lowarengak, ambaye sisi sote tunamwita ata. Ameivaa kati ya shanga zake tangu akiwa msichana, na ilinichukua majuma mawili ya kuomba hadi akakubali kuifungua uzi.

Nilimuuliza aliipataje. Akasema babake aliswaga beberu hadi Lokitaung, akamuuza kwa mwenye duka, akalipa kodi ya serikali palepale, na hii ndiyo iliyorudi nyumbani. Ile ni chenji ya mbuzi.

Nawaomba tutulie kidogo kwenye maneno hayo, kwa sababu sijaona kitabu kinachoeleza mfumo wa fedha wa kikoloni vizuri kuliko hivyo. Mzee yule hakuhitaji shilingi. Maziwa yalikuwa nyumbani, nyama nyumbani, ngozi ya kulalia nyumbani. Serikali ndiyo iliyoihitaji shilingi, kwa hiyo ikamlazimu aitafute ili airudishe kwao. Mbuzi akatoka bomani, shilingi ikapita mkononi mwake kama maji kwenye changarawe, ikabaki senti kumi. Na ile shilingi aliyoilipa ilikuwa na dhamana yake mbali mno: Bodi ya Sarafu ilikuwa na desturi ya kuweka akiba ya pauni London kwa ajili ya fedha iliyozunguka huku. Mali ya mfugaji wa Lokitaung ilikuwa inawekwa rehani kwenye hati za serikali ya Uingereza, na yeye hajui.

Mfungwa na noti

Lokitaung iko milimani nyuma yetu. Ukisimama ufuoni Lowarengak na kulipa ziwa kisogo, ndiko unakotazama. Na huko ndiko walikoletwa wafungwa wa Kapenguria baada ya hukumu ya Aprili 1953: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai na Paul Ngei. Kenyatta alikuwa mkubwa wao kwa umri, akasamehewa kazi ngumu na kuwa mpishi wa wenzake. Mwaka 1959 alihamishiwa hapahapa Lodwar kuishi chini ya ulinzi, hadi 1961 alipopelekwa Maralal.

Miaka mitano baadaye sura yake ilikuwa kwenye kila noti ya nchi.

Benki Kuu ya Kenya ilifungua milango tarehe 14 Septemba 1966, na noti za shilingi 5, 10, 20, 50 na 100 zikatoka zenye picha ya Mzee. Shilingi mpya ilibadilishwa na ya Afrika Mashariki moja kwa moja, na zile za zamani zikaendelea kutumika hadi 1969. Gavana wa kwanza, Leon Baranski, alikuwa mgeni kutoka Poland. Mwaka 1967 Duncan Ndegwa akawa Mkenya wa kwanza kushika kiti hicho. Tanzania na Uganda zilitoa shilingi zao mwaka uleule wa 1966. Julius Nyerere na viongozi wenzake walikuwa wamezungumza juu ya shirikisho, lakini kila serikali ilitaka kuamua yenyewe juu ya mikopo yake, akiba yake na mipango yake, na fedha moja haiwezi kutii mabwana watatu.

Huku mpakani mgawanyiko ule ulikuwa na maana ambayo Nairobi haikuiona. Mturkana na Mkaramoja walikuwa wakiuziana mifugo kwa shilingi moja. Kuanzia 1966 ng'ombe yuleyule akivuka kuelekea Moroto alikuwa na bei mbili, na kadiri shilingi ya Uganda ilivyoporomoka ndivyo pengo lilivyopanuka. Mei 1987 serikali ya Uganda ilikata sifuri mbili katika fedha yake na kutoza asilimia 30 kwenye kila fedha iliyobadilishwa. Fikirieni mfugaji aliyeuza fahali wake Aprili.

Niwatoe Turkana kidogo niwapeleke Ghana, kwa sababu wenzetu wa magharibi walikwenda njia inayofanana na yetu. Waingereza waliwaundia Bodi ya Sarafu ya Afrika Magharibi mwaka 1912, na yetu ikaigwa kutoka kwao. Mwaka 1965 Ghana ilizindua sedi, na jina hilo linatokana na neno la Kiakani la kauri. Sasa, kauri hizo zilitoka wapi? Sehemu kubwa ya zile zilizomiminwa Afrika Magharibi katikati ya karne ya 19 zilipakiwa kwenye pwani yetu ya Waswahili, kupitia Zanzibar, na wafanyabiashara wa Hamburg. Zilipelekwa nyingi mno hadi thamani yake ikaanguka, na mwanamke wa sokoni huko aliyekuwa ameweka akiba ya kauri akakuta akiba yake haitoshi chochote. Kombe lililookotwa ufuoni mwa Afrika Mashariki lilikuwa fedha ya mtu mwingine, na likamfilisi. Kuhusu picha pia tunafanana: sedi ya kwanza ilikuwa na sura ya Kwame Nkrumah, akapinduliwa Februari 1966, na mwaka uliofuata ikaletwa sedi mpya isiyo na sura yake.

Sisi ilituchukua muda mrefu zaidi. Baada ya Kenyatta alikuja Moi kwenye noti mwaka 1980, kisha Kenyatta akarudi. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikasema noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote. Naiona hiyo kuwa moja ya ibara bora za Katiba yetu, na nasema hivyo nikijua kwamba wazee wengi wa Lokitaung hawakupenda kuiona sura ya yule mfungwa wao ikiondoka.

Juu ya miaka ya 1990 nitapita haraka, maana wengi wenu mliiishi. Noti ya 500 ilikuwa imetoka 1988. Ilipomwagika wakati wa uchaguzi wa 1992 vijana waliiita jirongo, jina la mwenyekiti wa YK'92, kundi la vijana la kumpigia Moi kampeni. Mwaka 1993 shilingi iliachwa ielee, dola ikapita shilingi 60, na 1994 ikatoka noti ya 1,000. Mfugaji aliyasoma hayo yote kwenye kipimo chake: mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi. Hicho kipimo bado ndicho kinachotumiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, na sijui kingine kilicho cha kweli zaidi. Ukame ukija mbuzi hukonda na bei yake hushuka, mahindi hupanda, na mtu hupoteza pande zote mbili kwa siku moja. Shilingi haijabadilika hata senti. Ni mbuzi ndiye aliyepoteza thamani.

Karatasi tisa

Tarehe 1 Juni 2019, kwenye sherehe za Madaraka kule Narok, zilizinduliwa noti mpya zenye jumba la KICC na wanyama wetu. Gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, alitangaza kwamba noti za zamani za 1,000 zingekoma kuwa halali tarehe 1 Oktoba. Lengo lilikuwa kuwabana walioficha fedha za wizi na noti bandia, na naliunga mkono. Miezi minne ilitolewa. Katika noti zaidi ya milioni 217, noti milioni 7.4 hivi hazikurudi kabisa, sawa na shilingi bilioni 7.4. Magazeti yaliandika kwamba hizo ni fedha za wezi walioogopa kujitokeza.

Zote?

Kabla ya Krismasi mwaka huo mzee mmoja alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa na mifugo upande wa milima ya Lapur tangu kiangazi, mahali ambapo redio haishiki na simu ni kipande cha plastiki. Aliketi kwenye kigoda chake cha kulazia kichwa, ekicholong, akafungua kipande cha ngozi, akanipangia mezani noti tisa za 1,000, zimenyooka kama zilizopigwa pasi. Alitaka nimpeleke mwanawe shule ya bweni Januari. Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: mbuzi walioondoka bomani kwangu kwa hizi karatasi, hao nao wamefutwa?

Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo sijalipata. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Sheria ilitangazwa, muda ulitolewa, madirisha yalifunguliwa. Lakini kutoka Lowarengak hadi benki ya hapa Lodwar ni zaidi ya kilomita 150 za mchanga na lugga, na kutoka Lapur hadi Lowarengak ni siku nyingine za miguu. Miezi minne ya Nairobi si miezi minne ya Lapur.

Simu, kadi na Kakuma

Mtaniambia simu imeliondoa tatizo hilo. Kwa kiasi kikubwa ni kweli, nami nashukuru. M-Pesa ilianza Machi 2007. Serikali na wafadhili wakaanza mpango wa HSNP wa kuzipa kaya maskini za kaskazini fedha taslimu, kwa kadi na wakala, kiasi kilichofikia baadaye shilingi 5,400 kila miezi miwili. Mama anayeuza samaki mkavu Lowarengak anaweza kulipwa na mnunuzi aliye Kisumu au Busia kabla lori halijaondoka. Zamani alisubiri lori lirudi, na lori jingine halikurudi kamwe.

Lakini dirisha halijatoweka. Limehamia dukani kwa wakala. Wakala wetu akiwa na floti hana pesa mkononi, akiwa na pesa hana mtandao. Nimemwona mama amesimama na ujumbe wa shilingi 3,000 kwenye simu yake tangu asubuhi hadi jua linazama, mkononi hana hata ya kununua chumvi. Na huko Todonyang karibu na mpaka, samaki hulipwa wakati mwingine kwa birr, na birr haiingii kwenye M-Pesa yetu ya Kenya. Tangu Ethiopia ilipoiachia birr ielee mwishoni mwa Julai 2024, anayeilaza birr nyumbani anapoteza wakati amelala.

Kakuma inanipa mfano mwingine. Kambi hiyo ya wakimbizi ilifunguliwa 1992. Kwa miaka mingi mkimbizi alipewa mtama na mahindi, na akitaka sukari alimuuzia jirani sehemu ya mgao wake kwa hasara. Mwaka 2015 Shirika la Chakula Duniani lilianza Bamba Chakula: kiasi fulani kilitumwa kwa simu, lakini kilitumika tu kwa wenye maduka walioandikishwa, na kwa chakula tu. Ilikuwa shilingi iliyofungwa kamba mguuni. Baadaye wakimbizi wa makazi jirani ya Kalobeyei wakaanza kupokea fedha huru kupitia akaunti za benki. Utafiti wa 2018 wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, ulikadiria uchumi wa Kakuma kuwa shilingi bilioni 6 kwa mwaka, na maduka zaidi ya 2,000. Ukitembea soko la Wahabeshi au la Wasomali jioni utaona birr, dola, pauni ya Sudan Kusini na shilingi yetu juu ya meza moja, na kijana wa miaka 19 anayejua bei ya kila moja kuliko sisi walimu.

Mapendekezo yangu ni mawili. La kwanza ni kwa wenye mamlaka: siku noti nyingine itakapofutwa, muda uhesabiwe kwa msimu wa malisho, na dirisha lipande gari liende Lowarengak, Kibish na Lokiriama kabla halijafungwa. Tunapeleka masanduku ya kura huko kila miaka mitano, njia inajulikana. La pili ni kwetu. Tukifundisha 1921, 1966 na 2019, tuanze na vitu vilivyo nyumbani mwa wanafunzi. Waambieni waulize kwao. Zipo sarafu kwenye shanga, kwenye mikoba ya ngozi, chini ya masanduku ya bati, na wenye kuzikumbuka wanazeeka.

Naipitisha sasa ile senti kumi, ianzie kwa wazee walioketi nasi leo. Mkiishika, tazameni ukingo wa tundu upande wa taji: umelika, umekuwa laini, kwa uzi wa shanga wa miaka 70. Tafadhali isipotee mezani. Nimemwahidi ata kwamba kesho, kabla jua halijazama, itakuwa imerudi shingoni mwake.